Zege Changa katika Kiangazi cha Dodoma

Saruji ikikutana na maji huanza kuungana nayo kikemia, na muungano huo, unaoitwa haidresheni, ndio unaoligeuza zege kuwa jiwe. Mfuko mmoja wa kilo 50, ukipewa nafasi ya kumaliza kazi yake yote, hufunga lita 11 hadi 12 za maji moja kwa moja, na huhitaji nyingine zipatazo tisa au kumi ambazo hunaswa katika vitundu vidogo mno vya jeli inayozaliwa humo. Zege la kawaida hutiwa lita 25 au zaidi kwa mfuko ili lilainike na kushindilika, kwa hiyo siku ya kumwaga maji huwa yanatosha. Kazi iliyobaki ni kuyazuia yasiondoke. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani T. C. Powers alionyesha kwamba unyevu ulio ndani ya vitundu vya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, haidresheni hukaribia kusimama. Punje za saruji ambazo hazijaungana hubaki zilivyo, na nguvu iliyolipiwa dukani haifiki kwenye jengo.

Pwani jambo hili huwasamehe watu. Fundi aliyelelewa na kazi za Tanga au Dar es Salaam huzoea kumwaga zege asubuhi, kulisawazisha, kwenda zake, na kurudi kesho yake na mpira wa maji. Mara nyingi slabu yake hutoka vizuri, naye huamini kwamba utaratibu wake ndio ulioifanya itoke vizuri. Akipanda Dodoma utaratibu uleule humwangusha. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya ukame ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha huja miezi mirefu mikavu yenye upepo wa kusini-mashariki. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016, ujenzi umekuwa wa mwaka mzima, na zege jingi la mji humwagwa katika miezi hiyohiyo mikavu. Watu waliosimamia kazi hizo wakiwa wametoka pwani walilazimika kujifunza upya jambo walilodhani wanalijua.

Jambo la kwanza walilojifunza ni kwamba jua si adui mkubwa kuliko wote. Zipo hesabu zinazotumiwa na wahandisi kukadiria maji yanayokauka juu ya zege bichi kutokana na joto la hewa, joto la zege lenyewe, unyevu wa hewa na mwendo wa upepo. Chukua zege na hewa vyote vikiwa na nyuzi 30, na upepo wa kilomita 20 kwa saa. Pwani, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 75, uso wa zege hupoteza karibu nusu kilo ya maji kwa kila mita mraba kwa saa. Bara, unyevu ukiwa asilimia 30, hasara hiyo hufika kilo 1.3. Joto ni lilelile na upepo ni uleule. Ukavu wa hewa peke yake umezidisha hasara mara mbili na zaidi. Upepo ukikoma kabisa katika hewa ileile kavu, hasara hushuka hadi takriban robo kilo. Kila anayefua anajua kwamba nguo zilizoanikwa kwenye upepo hukauka upesi hata siku ya mawingu, na zege hufuata sheria hiyohiyo. Kwa desturi, kilo moja kwa mita mraba kwa saa huhesabiwa kuwa mpaka wa hatari. Saruji zenye viungo vya ziada huweza kupasuka hata chini ya hapo.

Kilo 1.3 husikika kama kiasi kidogo. Lakini maji hayo hayatoki katika unene wote wa slabu kwa pamoja, hutoka juu. Sentimita mbili za juu za mita mraba moja hubeba maji yasiyofika lita nne. Saa moja ya upepo wa alasiri huweza kuondoa theluthi ya maji hayo, huku maji ya chini yakipanda polepole kuliko yanavyokauka. Na katika tabaka hilohilo la juu, pamoja na sentimita chache zinazolifuata, ndimo ulimo ugumu wa kustahimili kukanyagwa. Pembeni na chini ya slabu, na kuzunguka nguzo, unene kama huo ndio kinga ya nondo dhidi ya kutu. Zege likikosa matunzo, moyo wake huweza kubaki salama kwa muda kwa sababu maji ya ndani hayana njia ya haraka ya kutokea. Kinachoharibika ni ngozi, na ngozi ndiyo inayopigana na dunia.

Matunzo huanza kabla ya mashine ya kuchanganyia kuwashwa. Kokoto na mchanga ndio sehemu kubwa ya uzito wa zege, hivyo lundo lililopigwa na jua siku tatu huleta joto lake lote ndani ya mchanganyiko. Kulifunika kwa turubai, au kunyunyizia kokoto maji usiku wa kuamkia kazi, hupunguza joto hilo kwa gharama ndogo. Maji ya kuchanganyia yana faida nyingine: kilo moja ya maji huhitaji joto lipatalo mara nne au tano ya lile la kilo moja ya kokoto ili ipande nyuzi zilezile, kwa hiyo tangi lililo kivulini husaidia kuliko watu wanavyofikiri. Tangi jeusi lililo juu ya mnara wazi hufanya kinyume. Mbao za kufungia na nondo hulowanishwa, bila kuacha madimbwi. Jamvi linalomwagwa juu ya udongo mkavu wa Dodoma bila nailoni chini yake hunyonywa kutoka pande mbili, juu na upepo na chini na ardhi, na hakuna kumwagilia kwa baadaye kunakofidia hayo.

Zege lenye joto hukaza mapema. Fundi anaona mchanganyiko unakuwa mgumu kwenye toroli, anaita ndoo ya maji, na zege linalainika mara moja. Tangu Duff Abrams alipochapisha kazi yake mwaka 1918, wahandisi wamejua kwamba nguvu ya zege hupungua kadiri maji yanavyozidi ukilinganisha na saruji. Ndoo ile ya saa saba mchana hudhoofisha zege kabla jua halijaligusa, na maji yake ya ziada yakikauka huacha matundu na mnyweo mkubwa zaidi. Dawa yake ni kuchanganya mafungu madogo, kufupisha mwendo kati ya mashine na slabu, na kuchagua saa. Kazi inayoanza saa kumi jioni na kuendelea chini ya taa huwachosha watu na hudai mipango, lakini zege huanza maisha yake katika hewa inayopoa, na hupata usiku mzima kabla ya kukutana na jua. Katika miezi ya Septemba na Oktoba huo ndio uamuzi mmoja wenye faida kuliko yote, na inasikitisha kwamba huachwa kwa sababu ya posho ya usiku.

Saa chache za kwanza ndizo zinazopuuzwa kuliko zote. Slabu moja ya ghorofa pembezoni mwa mji ilimwagwa siku ya upepo mwezi Oktoba, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Kazi ilikuwa safi: nondo zilikaa mahali pake, zege lilishindiliwa vizuri, uso ulinyooshwa kwa rula ndefu. Ilipofika saa kumi, nyufa zilianza kuonekana, kila moja ikiwa na urefu wa mkono au zaidi, zikikaa sambamba kwa mshazari kana kwamba zimechorwa na mtu mmoja. Mafundi walitaka kunyunyiza saruji kavu juu yake, kuilowanisha kidogo na kuisugua kwa mwiko hadi ing'ae. Msimamizi aliwazuia. Tabaka la namna hiyo huficha ufa bila kuuziba, na kwa kuwa limejaa saruji na maji bila kokoto, hubanduka na kutoa vumbi baada ya miezi. Badala yake watu walipiga na kusugua uso kwa mbao ili zege lililokuwa bado laini lijifunge upya. Upande uliomwagwa mwisho ulikubali. Upande wa asubuhi ulikuwa umekwisha kukaza, na nyufa zake zilibaki.

Katika slabu ile kulikuwa na saa mbili tofauti zikienda kwa pamoja. Sehemu iliyomwagwa saa tatu asubuhi ilihitaji kufunikwa saa tano, wakati watu wote walikuwa bado wanabeba zege upande wa pili. Kifuniko kinapaswa kumfuata mmwagaji nyuma kwa nyuma, na hilo haliwezekani bila watu wawili au watatu ambao kazi yao siku hiyo ni hiyo tu, wasiokimbilia toroli hata kama mkandarasi anapiga kelele. Nailoni hutandazwa juu ya uso mara baada ya kunyooshwa, hufunuliwa kipande kwa kipande wakati wa kumalizia kwa mwiko, kisha hurudishwa. Turubai lililosimamishwa kwenye mirunda upande unakotoka upepo hufanya kazi kubwa kwa bei ndogo, kwa sababu hesabu zilizotajwa hapo juu zinaonyesha jinsi hasara inavyoshuka mwendo wa upepo ukipungua. Mahali penye pampu, maji ya kupuliziwa kama ukungu juu ya slabu hupandisha unyevu wa hewa inayoigusa. Yanapaswa kuelea, si kumwagika, kwa maana maji ya mpira yakipiga zege bichi huosha saruji yake.

Kisha huja usiku wa kwanza. Desturi iliyoenea ni kuanza kumwagilia kesho yake asubuhi. Slabu iliyomalizwa saa tisa alasiri ikisubiri hadi saa mbili asubuhi imekaa wazi saa 17, na saa hizo ndizo ambazo saruji huwa na kiu kuliko wakati wowote utakaofuata. Kipimo cha kuanza ni uso wenyewe: ukiweza kuwekewa gunia bila kuachiwa alama, wakati umefika, na katika joto la bara wakati huo hufika jioni ileile. Gunia la katani lililolowekwa kwanza, likatandazwa kwa kupandana, na nailoni ikawekwa juu yake na kukandamizwa kwa mawe pembeni pote, huweza kuipitisha slabu usiku mzima bila tone la kuongezwa. Gunia kavu likitupwa juu ya zege hunyonya maji ya zege, jambo linaloonekana saiti nyingi kuliko inavyostahili.

Kwa siku zinazofuata njia bora kwa slabu iliyo tambarare bado ni ile ya zamani: matuta ya udongo au ya mchanga wenye saruji kidogo kuizunguka, na maji ya kina cha sentimita tatu hadi tano ndani yake. Uso hukaa maji mchana na usiku, na mtu anayepita barabarani anaweza kuona kama kazi inafanyika. Ila Dodoma maji yana bei. Sentimita tano juu ya mita mraba 100 ni lita 5,000, na milimita tano tu zikikauka kwa siku ni lita 500 za kufidia. Mahali ambapo maji ya bomba huja kwa mgao na boza hulipiwa kwa safari, hesabu hiyo humfanya mwenye nyumba apunguze. Gunia na nailoni, au mchanga uliolowanishwa wa unene wa sentimita tano uliofunikwa, hutumia sehemu ndogo ya maji hayo na hufika karibu na matokeo yaleyale.

Njia mbaya kuliko zote ndiyo inayotumiwa zaidi: mtu mmoja, mpira mmoja, asubuhi na jioni. Uso uliolowanishwa saa mbili huwa umekauka kabla ya saa tano, hupata joto hadi jioni, kisha hupigwa tena na maji ya baridi. Kulowa na kukauka kwa zamu hunyoosha na kunyweza ngozi ya zege ambayo bado ni dhaifu, na nyufa ndogondogo kama ramani huenea. Tofauti ya joto nayo ina mpaka: inashauriwa maji yasiwe na baridi inayopita nyuzi 11 chini ya joto la zege. Maji ya kisima kirefu yakimiminwa saa nane mchana juu ya slabu inayounguza mguu mtupu huvuka mpaka huo kwa urahisi. Kwa hiyo slabu ikiwa imekauka mchana, ni afadhali kuanza kuifunika na kuipa maji yaliyokaa kwenye mapipa, kuliko kuishtua. Maji yenyewe yawe safi. Yale ya chumvi, kama ya bahari au ya visima vinavyoonjeka chumvi, hupeleka kloridi kwenye nondo, na madhara yake huonekana miaka baadaye kutu inapopasua zege kutoka ndani.

Nguzo, boriti na lenta hupata shida zaidi, kwa sababu maji hayakai juu ya kitu kilichosimama. Nguzo yenye pande nne hukaushwa na upepo pande zote, na mbao zake mara nyingi hufunguliwa kesho yake ili zitumike kwenye nguzo nyingine. Kuziacha mbao siku mbili zaidi na kuzilowanisha ni matunzo tosha kwa siku hizo. Zikishafunguliwa, nguzo hufungwa gunia kwa kamba toka chini hadi juu, kisha nailoni, na maji huingizwa kutoka juu ili yateremke ndani ya kifungashio. Zipo pia dawa za kupulizia zinazoacha utando usiopitisha maji, nyingine zikiwa nyeupe ili kurudisha jua. Zinafaa sana penye uhaba wa maji, mradi zipuliziwe mapema na kwa kiasi kilichoandikwa. Hazifai mahali patakapobandikwa vigae au kupigwa ripu, maana utando huo huzuia kushikana. Na tofali za saruji, ambazo ndizo zege la watu wengi, hustahili kutajwa hapa kwa uchungu: hufyatuliwa asubuhi kwenye uwanja wazi, hunyunyiziwa mara mbili kama mboga za bustani, na wiki haijaisha ziko kwenye ukuta, zikimeguka kwa kidole. Kivuli na nailoni vingezipa nguvu ileile ambayo wafyatuaji huitafuta kwa kuongeza saruji.

Muda wa matunzo hutegemea saruji. Siku saba ndiyo hesabu ya kawaida kwa saruji ya Portland tupu katika hali nzuri. Kiwango cha India, IS 456, kilichoandikwa kwa nchi inayolijua joto, kinataka siku zisizopungua 10 katika hali ya joto na ukavu, na kinashauri 14 kwa saruji zilizochanganywa. Ushauri huo wa mwisho unaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu saruji nyingi za daraja la 32.5 zinazouzwa madukani zina pozolana au mawe ya chokaa yaliyosagwa. Pozolana hufanya kazi polepole. Hungoja mazao ya haidresheni ya saruji ndipo iungane nayo. Zege la aina hiyo likinyimwa maji siku ya nne huwa limepoteza karibu mchango wote wa pozolana katika ngozi yake, hata kama linaonekana gumu. Zege lililoachwa hewani tangu mwanzo huweza kuishia na karibu nusu tu ya nguvu ya lile lililotunzwa kwa unyevu, na kulimwagilia baada ya mwezi hurudisha sehemu ndogo tu ya kilichopotea.

Hapo ndipo cheti cha maabara kinapowapotosha watu. Siku ya kumwaga, zege hujazwa kwenye vyombo vya mchemraba wa milimita 150, na michemraba hiyo hukaa ndani ya maji hadi siku ya 28 ndipo ibanwe na mashine. Michemraba ya slabu ile ya Oktoba ilifaulu bila shida. Siku hiyohiyo, juu ya slabu yenyewe, msumari uliokwaruzwa kwa mkono uliacha mfereji na vumbi jeupe. Hakukuwa na uongo mahali popote: mchemraba ulipima kilichotoka kwenye mashine, msumari ulipima kilichobakizwa na upepo. Msimamizi anayetaka kujua hali ya jengo hutengeneza michemraba mingine na kuiacha juu ya slabu, chini ya magunia yaleyale, ipate mvua na jua lilelile. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kipimo cha haki cha matunzo.

Mengi ya haya yanajulikana kwa mafundi. Yanashindikana kwa sababu hayana mwenyewe. Katika makadirio ya gharama, matunzo humezwa ndani ya bei ya zege, hivyo kila lita isiyomwagwa ni faida ya mtu. Slabu nyingi humwagwa Jumamosi ili kukamilisha wiki, na Jumapili, siku yake ya pili duniani, saiti huwa tupu. Mahali mambo yalipokwenda vizuri, utaratibu ulikuwa wa kawaida sana: zege lilimwagwa Jumatatu au Jumanne, magunia, nailoni na maji ya siku tatu vilikuwa vimeshafika kabla ya ruhusa ya kumwaga kutolewa, bei ya matunzo iliandikwa kwenye mstari wake yenyewe, na mlinzi anayelala hapo alilipwa nyongeza ya kulowesha na kuandika saa kwenye daftari, likisainiwa kila asubuhi. Mlinzi huwepo usiku, Jumapili na sikukuu, na hiyo ni sifa ambayo hakuna fundi anayeweza kushindana nayo.

Siku za matunzo zikitimia, kifuniko hakiondolewi kwa mkupuo mchana wa jua. Maji husimamishwa kwanza, magunia yakaachwa juu siku mbili tatu ili zege likauke taratibu, maana ukavu wa ghafla huleta mnyweo wa ghafla. Mirunda ya chini hubaki kwa muda wake. Siku 14 au 21 zinazotajwa na mafundi kwa kuondoa mirunda hudhani zege lililotunzwa ipasavyo. Slabu iliyokaushwa na upepo katika siku zake za kwanza haina haki ya kudai hesabu hiyo, na kabla ya kuondolewa mirunda yake inapaswa kusubiri matokeo ya michemraba iliyolala juu yake.